Jibu Moja Kuhusu Kiwanda cha Uzi

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Maktaba ya Chuo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unaamka ukichechemea? Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, anakohoa kidogo lakini nguvu za kugombana na redio anazo. Mama ni mzima. Kitinda mimba wangu ameota meno na anang'ata kila anayembeba, ndugu kwa mgeni.

Mwaka huu nimepewa kufundisha uandishi wa kitaaluma. Shangazi, hawa watoto wananakili mtandaoni bila hata kusoma. Mmoja aliniletea insha yenye maneno "bofya hapa uone zaidi" katikati ya hitimisho. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaapa kuukomesha mchezo huo. Nikawaambia safari hii hakuna mtandao: tokeni, mkaulize watu, mrekodi, mwandike mlichosikia kwa masikio yenu. Mada niliichagua mwenyewe: kwa nini kiwanda cha uzi cha mtaani kwetu kilifungwa.

Najua hupendi kitajwe. Nivumilie.

Kazi zilipokuja, damu ilinichemka. Kila mwanafunzi alidai kahoji watu wake, na wote walijibu hivi: "Kiwanda kilifungwa kwa sababu ya maji, na hakuna mtu aliyeumia." Hawakukaribiana tu, Shangazi, ni maneno yale yale, neno kwa neno. Nikajua wamekaa kantini, mmoja katunga, wenzake wakadesa. Nikawatangazia sifuri darasa zima.

Binti mmoja akasimama. Tunamwita Kwanini, maana neno hilo halimtoki mdomoni. "Mwalimu, sikiliza sauti kwanza." Akaweka simu mezani. Akaongea kinyozi, akafuata muuza magazeti, halafu nesi mstaafu. Sauti mbalimbali, jibu moja, na wote walivuta pumzi pale pale, baada ya neno "maji".

"Na mimi sikumuuliza mtu kama kuna aliyeumia," Kwanini akasema.

Sifuri nikazifuta. Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa fundi viatu wa pale kona. Alikuwa akinitania jinsi ninavyokula visigino. Nilipouliza, nyundo ikasimama hewani, macho yakapoa, akalitamka jibu lote. Kisha akarudi kwenye utani pale pale alipouacha, kama mtu aliyepiga chafya tu. Nyuma yake binti yake, aliyezaliwa kiwanda kimekwisha kuota magugu, alikuwa akichezesha midomo pamoja naye.

Nyumbani nikamuuliza Mama, akiwa anachambua mchele. Akalitamka. Na mimi, Shangazi, nikajikuta namalizia pamoja naye. Sijui nililijifunza lini.

Nilipowasimulia darasani, Kwanini akasema kosa liko kwenye swali letu. Swali hilo ndilo linaloamsha jibu hilo, tutafute jingine. Siku ileile akanifuata nyumbani, akakaa mkekani karibu na Mama. "Bibi, siku ile ya mwisho ya kiwanda wewe ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani?"

Mama akafungua mdomo, lile jibu halikutoka. Kisha akasema polepole, "Nilikuwa getini. Nilimpelekea wifi yangu chakula."

Ndipo yakamtoka. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, wasichana wasitoke kabla ya kengele. Tangi kubwa la kuchemshia rangi likapasuka. "Tuliwasikia wakigonga," alisema. "Baadaye hatukuwasikia." Baada ya mazishi yaliyofanywa kimyakimya, wakubwa wa kiwanda waliwakusanya watu uwanjani wakawafundisha la kusema, wakalirudia mpaka jua likazama. Mimi nilikuwa mgongoni mwake.

"Wifi alipitia dirisha la choo," Mama akamalizia. "Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kitu. Akaondoka."

Wanafunzi wamerudi mitaani na swali jipya. Sasa hakuna majibu mawili yanayofanana. Kinyozi alilia, mteja wake akaondoka amenyolewa upande mmoja. Mkuu wa chuo ameniita, anataka nibadilishe mada. Nilipomuuliza sababu, akanikazia macho akalitamka lile jibu lote, na alipomaliza hakujua kuwa amesema. Nimekataa kubadilisha.

Shangazi, Kwanini anaomba kuja kwako. Sitaki ulazimike, hakuna alama inayotegemea hilo. Atapanda basi Jumamosi ijayo, usiponipigia simu kumzuia. Nimemwambia asigonge mlango wako. Atasimama tu nje, mpaka umwone.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Mama anasema anakuomba radhi, na kwamba wewe utajua ni ya nini. Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule Mrefu, na jirani yako mshonaji. Mungu akupe usingizi wa amani na akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye siku zote.