Nimetumwa na Balozi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kamina, nimeshiba na nacheka peke yangu. Wizara yetu sasa haitaki maofisa wa ubalozi tujifungie Lubumbashi na viyoyozi. Tuwafuate wafanyabiashara walipo. Mimi ndiye wa kwanza kutumwa, na nikivuruga hakuna atakayefuata.

Sokoni nikawaambia kina mama wanaoagiza bidhaa kupitia Dar, "Nimetumwa na balozi nisikilize shida zenu."

Mama Ngoie, muuza samaki wakavu wa Bukama, akafunika beseni lake kwa kitenge. "Hao balozi beko bangapi?"

"Kwa sasa mmoja," nikajibu kwa fahari, "ila tunataka waongezeke, wafike hadi vijijini."

Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba, mwingine akaanza kufunga mzigo. Aliyeniokoa ni mke wa askari, mama aliyewahi kuishi Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, akazoea Kiswahili chetu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bamama, anasema ambassadeur! Weye, huku mulozi njo muchawi. Balozi njo bachawi!"

Baada ya hapo walifunguka: mizigo inayokwama mpakani, fomu wasizozielewa, yote nimeandika. Mama Ngoie akanisongea bukari, ugali wao, kwa samaki wale wale aliowaficha.

Nawe uliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi miaka yote hiyo, ukija kunitembelea, cheo kiache Tabora.

Nakupenda, mchawi wangu.

Tausi