Shusha Kamera, Aoko

Kibuli, Kampala
3 Machi 2024

Kwako binti yangu, mama yangu mdogo Aoko,

Salamu hizi zinatoka zikiwa na afya kuliko mwenye nazo. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafikiria kujiunga nalo, lakini mdomo ni mzima kabisa, na huo ndio ulionilisha miaka yote. Na wewe je? Mbu wa Kano wamekuachia damu kidogo ya kutumia?

Barua yako nimesomewa na Maimunah, yule mwalimu anayepanga chumba cha mwisho hapa kwetu. Mwandiko wenu manesi ni wa kuficha ugonjwa, sio wa kusomwa na mtu wa darasa la nne. Alipofika pale unapolalamika nilicheka mpaka akaniletea maji. Eti tangu Januari uchukue kazi ya zahanati huko Ahero, huko huko Kano nilikozaliwa mimi, umezunguka na kamera yako hujapata kitu. Eti ni tambarare tu, jicho linaenda, linaenda, halipati pa kukaa.

Mama, mimi nimekaa Kampala miaka hamsini na moja na jicho likienda hatua kumi linagonga kilima. Nikifungua dirisha, msikiti uko juu ya kichwa changu. Nikigeuka, Makindye. Nikigeuka tena, Mbuya na wanajeshi wake. Ni kama kuishi katikati ya ng'ombe waliolala. Unakumbuka studio yangu ya picha, pazia lile la nyuma: mlima, maporomoko ya maji, na ndege inapita juu, maana watu wa hapa milima waliyonayo haiwatoshi. Kabla hujazaliwa nilichora pazia la pili, la Kano. Mstari mmoja, chini kahawia, juu bluu. Wateja walisema nimeishiwa rangi. Askari mmoja tu, Okot, mtu wa kaskazini, ndiye aliyesimama mbele yake. Akalia, kisha akaikataa picha kwa sababu ametoka na macho mekundu.

Sasa nisikilize. Daktari anasema nina presha ya macho. Ukungu umeanza pembeni. Usishtuke, wanawake bado nawaona. Lakini nataka niione Kano kabla ukungu haujafika katikati. Usinitumie kwenye simu, huko nchi nzima inakuwa saizi ya kucha. Safisha picha kubwa, weka na kadibodi zisikunjike, mpe Bonny, dereva wa basi la Kisumu. Ananifahamu. Nilimpiga picha za harusi zake, zote mbili.

Baba yako,
Owuor


Ahero
24 Machi 2024

Kwako Baba,

Natumaini goti limerudi kazini. Mimi sijambo, ila joto la hapa lina mikono, linakushika tangu asubuhi. Bonny na harusi zake mbili, nimwonee huruma au nimwogope?

Nimekupigia picha nne, zimo ndani. Nimejitahidi, Baba. Hata nilipanda juu ya tangi la maji la zahanati, ili angalau pawe na kilima kimoja. Lakini utaona mwenyewe: mashamba, barabara, mashamba. Watu wanaishi vizuri hapa na wananipenda, siwezi kusema uongo. Ila jioni natamani hata ule mteremko wa kwetu, na mkungu wa matoke kichwani, na wewe mlangoni unauliza nimechelewa wapi. Nikisimama hapa naona mpaka mwisho wa dunia, na hakuna mtu wangu hata mmoja.

Baba mdogo Odera anauliza utakuja lini. Na mimi nauliza. Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Njoo uione Kano yako kwa macho yako, uache kunituma.

Binti yako,
Aoko


Kibuli
14 Aprili 2024

Mama mdogo,

Sisi tupo. Goti limekubali kufanya kazi nusu siku. Pole kwa joto. Ndilo lililonifukuza nikiwa kijana, nikasingizia nimefuata kazi.

Picha nimezitazama kwa lenzi yangu ya kukagulia negativu, kwa jicho la kulia, ambalo ndilo limebaki zamu. Umepanda tangi, kweli wewe ni mtoto wa Kampala. Nchi tambarare haipigwi kutoka juu. Ukiipiga kutoka juu unapata ramani, na ramani serikali inayo. Shuka. Shusha kamera, Aoko, na wewe shuka nayo, lala kwa tumbo, hata wagonjwa wakidhani nesi amezidiwa. Ule mstari wa mbingu na ardhi uweke chini kabisa, mbingu ipate nafasi ya kujinyoosha. Au uweke juu kabisa, udongo uongee. Katikati ni kwa picha za pasipoti.

Halafu ngoja. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Mlima unaukuta umeshavaa, hauna haja na mtu. Tambarare inangoja mtu apite. Mwanamke na ndoo yake, ng'ombe mmoja mjinga, mtu wa baiskeli, yeyote akisimama pale anakuwa mrefu kuliko mlima Elgon. Mama yako Nakhisa, Mungu amlaze, alikuwa mtu wa milimani huko Bungoma. Nilimpeleka Kano mara moja tu. Alishuka kwenye gari, akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Owuor, nyinyi Mungu aliwakanyaga." Lakini kesho yake nilimkuta amesimama nje peke yake, chai imepoa mkononi. Sikumuuliza.

Kuhusu kuja, Odera anajua jibu, anauliza kwa ubaya wake tu. Kwetu mwanaume anakwenda kuweka boma lake akiongozana na mkewe na mtoto wake wa kiume wa kwanza, na jogoo na shoka vikiwa mkononi. Mimi nina mke kaburini na binti mwenye kamera. Mzee asiye na boma akienda nyumbani ni mgeni katika uwanja wa mdogo wake, analetewa mkia wa samaki na kuambiwa karibu. Sitaki karibu ya Odera. Nitakuja kwa macho. Wewe tuma.

Baba yako


Ahero
9 Juni 2024

Kwako Baba,

Unisamehe kimya cha majuma manane. Sisi ni wazima. Maji ya mafuriko yaliingia katikati ya Aprili, tukahamishia zahanati kwenye darasa la shule, tukazalisha akina mama watano juu ya madawati. Sasa yameshuka, yameacha matope na homa. Kwako je? Macho yanasemaje? Mbona barua yako ya mwisho hukuuliza hata kama nakula?

Nimefanya ulivyoniambia. Nimelala kwa tumbo, Baba, na gauni la kazi, na wagonjwa wamecheka mpaka wengine wakapona. Nimekuwekea picha tatu. Sikuambii ni za nini. Nataka wewe uniambie kama nimeelewa.

Binti yako


Kibuli
30 Juni 2024

Mama mdogo,

Poleni sana na maji. Huku tunaendelea, Maimunah anasema nimenenepa, nadhani ananitongoza. Unakula? Haya, nimeuliza.

Bonny ameileta bahasha. Maimunah akanisomea barua, akataka na picha, nikamnyima. Nikamwambia hizo ni za familia. Nikaenda nazo chumbani kwangu.

Umekuwa mpiga picha, Aoko. Zote tatu ni nzuri, lakini ile ya asubuhi nimeshinda nayo kutwa. Shamba la mpunga limejazwa maji, bado halijapandwa, na mbingu yote imeshuka ikalala humo. Mstari umebaki mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo. Na yule mtu wa baiskeli juu ya tuta, yuko katikati ya mbingu mbili na wala hana habari, anawaza deni la mashemeji zake. Ulijuaje kumngoja mpaka gurudumu la mbele liguse jua? Hilo mimi sikukufundisha.

Nilipokuwa mdogo, mafuriko yakituama, mama yangu, huyo uliyebeba jina lake, alinivusha mgongoni mahali kama pale. Nikatazama chini nikaona mawingu. Nikamkaba shingo, nikamwambia asiniangushe, tutaingia mbinguni. Akanijibu nisipige kelele, tayari tumo.

Endelea kutuma. Hapo sasa umeelewa.

Baba yako


Ahero
11 Agosti 2024

Baba,

Sijui nianze na salamu au na swali. Salamu: u hali gani. Swali: umeacha kuona tangu lini?

Wiki iliyopita nilifungua daftari la kliniki ya watoto nikakuta picha zangu tatu ndani. Nilikuwa nimezitoa nimwonyeshe mwenzangu Babra, kisha nikafunga bahasha ikiwa na barua na kadibodi tupu. Hakuna picha niliyokutumia. Na zenyewe hazina maji wala baiskeli. Moja ni mbuzi wawili, ya pili ni paa la shule, na ya tatu nusu yake ni kidole changu. Umeisifu kadibodi, Baba.

Nilishika simu mara tatu nikaiweka. Najua ukipokea utanichekesha mpaka nisahau nilichopigia. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Mistari ya Machi imenyooka. Ya Juni inapanda mpaka pembe ya karatasi, na herufi zimekaa moja juu ya nyingine. Mimi ni nesi na nililiona hilo, nikajiambia ni kiti kibovu.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda mashambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barua yako mfukoni. Wameanza kujaza maji kwa msimu mpya. Nikalala kwenye tuta. Vilikuwepo vyote. Mbingu ilikuwa imelala humo kama ulivyosema, na ule mstari, na mimi tangu Januari nilikuwa napita hapo kila siku nikienda kazini. Mtu wa baiskeli alichelewa, alitokea saa moja na robo amebeba magodoro mawili. Nimempiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, na sijui nimpelekee nani.

Ukiniambia ndiyo, naacha kazi narudi Kibuli kukutunza. Nijibu wewe mwenyewe.

Aoko


Kibuli
20 Oktoba 2024

Mama yangu,

Nimekaa na barua yako wiki kumi, kwa hiyo salamu zimechacha, zipokee hivyo hivyo. Naandika kwa mkono wangu, Maimunah ameniwekea rula chini ya kiganja. Alipofika kwenye swali lako alinyamaza. Nikamwambia, "Soma, mwalimu, hata ukinyamaza siwezi kuona sura yako."

Ni tangu Mei. Siku hasa siijui. Nilidhani mawingu yamezidi mwaka huu.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema hayo hayo, naacha kazi narudi. Ungerudi, na Kano ingenifungia mlango mara ya pili. Kwa hiyo nilipoipapasa ile kadibodi, nyororo kama picha, nikaiweka mapajani nikakaa dirishani. Sikukudanganya sana. Nilichokuandikia nilikiona. Nilikiona vizuri kuliko zile nne za tangi.

Usirudi Kibuli. Mwezi wa tisa nilianguka mara mbili, mara moja kwenye ngazi zetu, mara moja mbele ya mwenye nyama, nikateremka mpaka barabarani kama boda iliyokatika breki. Mji huu ni wa watu wenye macho. Kila hatua ina juu yake na ina chini yake, na mimi nimechoka kuulizia mguu wangu unakwenda wapi. Nimelala nikifikiria nchi ambayo mguu ukishuka unakuta ardhi pale pale ulipoiacha. Ninyi wenye macho mnasema kule hakuna kitu. Mimi sasa ndicho ninachokitaka, mahali ambapo hakuna kitu cha kunigonga.

Odera atakuambia baba hapaswi kulala nyumba ya binti yake. Mwambie kipofu haoni ni nyumba ya nani. Akileta habari ya boma na jogoo na mtoto wa kiume, mwambie shoka nitabeba mwenyewe, na wote wakae mbali na linapoangukia.

Bonny ameniwekea kiti nyuma yake, tunaondoka Ijumaa ya tarehe mosi Novemba, Jumamosi asubuhi niko njia panda ya Ahero. Maimunah ananifungia nguo, analia, anasema ni kitunguu. Njoo peke yako. Nipeleke kwenye lile tuta, niambie jua liko upande gani, halafu uniachie mkono. Usinifuate. Niache niende mpaka nichoke, na nikichoka nitakaa chini hapo nilipofika. Wewe simama tu ulipo, Aoko. Kule mtu akienda hata kutwa nzima, bado unamwona.

Baba yako,
Owuor