Betri mbili za korali

Élysée, nimeharibu. Niko nyuma ya kanisa, nakuandikia.

Ampli ya korali, ile ya kukuza sauti, imeungua. Ni mimi!!

Tulitoa betri mbili kwa pikipiki mbili, kila moja volti kumi na mbili. Ili umeme udumu, plus (chanya) iende na plus, moins (hasi) na moins. Mimi kwa haraka nikaunga plus ya moja na moins ya ingine. Volti zikajumlishana, ampli ikapata mara mbili. Moshi!

Mama Arlette wa korali akapiga kelele: «Ni shetani!» Kanisa lote likaanza kukemea.

Halafu mama Elsa akasimama, ule tulimutoa kwa korali juu ya uzee. «Munisamehe. Asubuhi nilinung'unika juu ya korali, ni mimi nilimufungulia shetani mulango.»

Mama Elsa, Élysée! Anaomba musamaha!

Na mimi, waya mukononi, nikaitika «Amina».