Upepo wa Sikio la Kushoto

Kaka yangu Shee,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti la Mama liwe limepoa, awe anaweza kukaa juu ya msala wake wa kusalia bila kuegemea ukuta. Mimi kwa mwili sina neno. Baridi ya huku Uskoti imenizoea, au mimi nimeizoea, sijui ni ipi. Utashangaa kupokea karatasi ilhali tunasemezana kwa simu kila Ijumaa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunichekesha nami hucheka, na jambo hili nilikwisha kulicheka mara moja, ndipo lilipoharibika.

Ni habari ya ile safari ya vilimani. Nilikwambia kwamba ukungu ulitufunga, na kwamba niliwatoa wenzangu kwa upepo wa sikio, kama Baba alivyotufunza. Ulifurahi mpaka sauti ikakukauka. Ijumaa iliyofuata ukanieleza kuwa umewahadithia mabaharia wote bandarini Kismayu, kwamba wazee wa kisiwani kwetu Darakasi wamekubaliana ile mashua ya kubebea wagonjwa iitwe kwa jina langu, na kwamba fundi anauliza jina liandikweje kwenye omo, pale mbele ya chombo. Nami nikakutajia, herufi moja baada ya nyingine.

Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kumwita Mama.

Tulikuwa wanawake watatu. Wa kwanza ni Gwen, nesi mstaafu anayekaribia miaka sabini, ambaye kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa akiongoza chama chetu cha watembeaji. Wa pili ni Ifrah, Msomali wa Kismayu mjini, aliyejifunza lugha yetu kwa majirani na huniita abaayo, yaani dada. Wa tatu ni mimi. Huku watu hutoa sadaka kwa kukuona ukitaabika: wewe unapanda vilima siku tatu, wao wanachangia lile unalolipandia. Sisi tulipandia mashua, ili asitokee tena mwanamke wa kisiwani atakayefia njiani katikati ya madema na nyavu kama alivyofia shangazi yetu Mwanamkuu. Katika kila mkutano wa kuombea mchango mimi ndiye niliyesimamishwa niseme, kwa kuwa ni mwana wa huko. Nahisi hapo ndipo nilipoanza kujiona kuwa na ujuzi ambao sina, ingawa huenda natafuta tu mahali pa kuutupia uzito.

Siku ya pili tulisali alfajiri kando ya hema. Gwen alituazima dira yake tupate kibla, kama jana yake, akasimama mbali kwa adabu, buli la chai mkononi. Naitaja dira hiyo kwa sababu niliiamini kwa sala, na saa nne baadaye niliikataa kwa njia.

Tulipofika kwenye ukuta wa mawe mlimani, ukungu ulishuka ghafla hata sikuiona mikono yangu vizuri. Gwen alitoa ramani na dira, akasema tuuvuke ukuta twende kulia. Mimi nikasema hapana. Tangu asubuhi upepo ulikuwa ukinipiga sikio la kushoto, na hapo ukutani ulikuwa bado kushoto kama tukienda moja kwa moja. Nikawaeleza habari za Baba: alivyokuwa akinifunika uso kwa kanga ya Mama tukitoka Darakasi kwenda Burgao, akanipa usukani, akaniambia upepo ubaki kwenye sikio lile lile nami nitafika. Unakumbuka, wewe ulikuwa ukifua maji yaliyoingia chomboni ukinicheka. Jambo ambalo sikuwaeleza ni kwamba mkono wake haukuacha kuwa juu ya wangu.

Gwen aliitazama sindano, akanitazama mimi. Nikamwambia labda vyuma vya mizigo vinaipotosha.

"Abaayo," Ifrah akasema, "hapa hakuna samaki. Msikilize mwenye ramani."

Nikamjibu kwamba watu wa mjini hawajui upepo isipokuwa ule wa feni. Tulicheka sote watatu. Kisha Gwen akakunja ramani, akasema, "Haya, nahodha," nami nikatangulia.

Wewe utakuwa umekwisha kuelewa. Baharini upepo hauna ukuta wa kuugeuza. Vilimani huingia bondeni ukapinda na bonde, nami nilipinda pamoja nao, sikio langu la kushoto likiwa baridi na moyo wangu ukiwa mkunjufu, hata tukazunguka nusu ya mlima na kuteremkia upande usio wetu. Kule chini ni kinamasi chenye majani juu kama ardhi ngumu. Nilipita mimi kwa kuwa mwepesi, akapita Ifrah, Gwen akazama mpaka gotini. Tulipomvuta tulisikia kifundo chake kikivunjika. Hakulia. Aliniambia nimfunge mguu kwa fimbo na mtandio, akinielekeza hatua kwa hatua kama mwanafunzi wa unesi.

Ifrah aliwapigia simu waokoaji, nasi tukaketi saa tano tukiwangoja. Mvua ilinyesha ya kulala, inayoingia shingoni. Midomo ya Gwen iligeuka rangi, maneno yake yakaanza kuchelewa, nasi tukambana katikati ya miili yetu, Ifrah akisoma ayatul-kursi na mimi nikishindwa kuikumbuka. Niliogopa kwamba angefia mikononi mwangu mtu aliyekuja kutembea ili watu wangu wasife.

Waokoaji walipofika na machela, mkubwa wao aliuliza nani alikuwa akiongoza. Nilifungua kinywa. Gwen akaniwahi: "Mimi. Ramani ilikuwa kwangu." Nikafunga kinywa. Ifrah aliniangalia, kisha akaangalia chini, na hajanisema mpaka leo.

Kaka, wewe unaijua desturi ya chombo cha Baba. Chombo kikigusa mwamba, aliyekuwa na usukani husema mbele ya wote, "Mkono ni wangu," kabla ya yeyote kushuka, na siku ile hachukui fungu lake la samaki. Akilisema baada ya kukanyaga mchanga, halihesabiwi. Mimi nilikanyaga mchanga. Nilikaa wiki sita bila kulisema. Katika wiki hizo chama kilimwondoa Gwen katika uongozi, wakasema kwa upole kwamba umri umemfikia, nami nilikuwa nimeketi kiti cha tatu kutoka mlangoni. Na ni katika wiki hizo hizo nilikupigia simu, nikakuhadithia safari niliyotamani kuwa ndiyo.

Baada ya kukutajia zile herufi za jina langu nilikwenda kwa Gwen. Nilimkuta mguu juu ya kigoda, akifuma soksi. Nikamwambia yote, kana kwamba hakuwapo.

"Nilijua tangu ukutani," alisema. "Sindano niliitazama mara tatu. Niliona aibu kumkatalia mtu kitu cha baba yake."

Sijui niyaweke wapi maneno hayo. Kuna siku naona yananipunguzia, kwa kuwa naye alijua akanyamaza. Siku nyingine naona ndiyo yanayonilaza chini kabisa, kwa kuwa jina la Baba nililitumia kumziba mdomo mtu aliyekuwa na haki. Gwen alinisihi niache, nisiende kulisema chamani. Sikuacha, nilisimama mkutanoni nikasema. Katibu akanishukuru, wakaendelea na jambo lililofuata. Uongozi hawakumrudishia. Nami sina hakika kama nilisimama kwa ajili yake au kwa ajili ya usingizi wangu.

Ninachokuomba wewe ni kizito kuliko hicho. Rudi bandarini, kwa watu wale wale uliowahadithia, uwaambie kwamba Baba hakukosea, na upepo haukukosea. Aliyekosea ni mimi. Kama fundi hajaliandika jina, mzuie. Kama amekwisha, alikwangue mpaka mbao. Wazee wachague jingine, nami sitapendekeza. Na siku mashua itakaposhushwa majini, mkila na kusoma dua, fungu langu msiniwekee.

Nisalimie wifi yangu mkeo, na mjomba fundi, na shangazi mdogo wa Burgao mwenye kunitumia pilipili. Mama msomee barua yote. Nilitaka kukuambia uruke ukurasa wa kinamasi, lakini yeye ndiye mwenye ile kanga.

Ni mimi nduguyo, na mkono ulikuwa wangu,

Mwanahija