Bwana Yangu Hajue Kama Base Yake Inajiponya

Mupendwa mushauri, Mama Marie-Thérèse,

Naomba unisaidie juu moyo yangu iko inachoka na sina muntu wa kumuambia. Miye na bwana yangu Ruphin tunatumika pamoja kwa depo moja ya madawa hapa Lubumbashi, ye ni mukubwa wa base de données, ile yenye kuchunga habari za commandes, madawa yenye ma-centre de santé zinaomba mpaka kule Kasomeno, base yenyewe iko juu ya serveurs tatu, moja inaongoza na mbili zinafuata, na kila mara ile ya kuongoza inaanguka simu inalia na Ruphin anaacha bukari kwa sahani anakimbia kuiinua na mikono yake, hata kwa matanga ya baba yangu alikimbia. Ninamupenda sana, Mama, ni muntu wa roho muzuri, lakini alikuwa anakonda. Basi nikaandika programu ndani ya Kubernetes, ile yenye kupanga na kusimamia kazi za serveurs zetu: ya kuongoza ikianguka, programu inapandisha ingine fasi yake, inatengeneza yenye kuanguka, na inafanya kopi za akiba yenyewe. Nikaijaribu pembeni, nikamuonyesha, akasema, "Wivine, base ni kama mutoto wa degedege, hauwezi kumuachia masini."

Siku ya première communion, komunyo ya kwanza ya mutoto wetu Exaucée, nikaiwasha bila kumuambia. Katikati ya feti serveur ikaanguka kweli, nikaona message kwa simu yangu, na kabla sijaweka sahani chini ingine ilikuwa imeshakamata kazi, Ruphin anacheza tu na mutoto. Kisha akaniambia, "Bibi, leo base imenipatia congé, nimepumuzika!" Tangu ile siku anacheka, ananenepa, lakini anajisifu kwa directeur kama mikono yake inatosha, na directeur, mwenye kujua tu ile niliyojaribu pembeni, anaona haina kazi, anataka kuifuta kwa mukutano wa Ijumaa. Nikisema, namupatisha haya. Nikinyamaza, ataanza tena kukimbia. Nifanye nini?

Wivine, commune Annexe

Wivine mwanangu,

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nilicheka kwa sababu wengine wanampikia bwana, wewe umemwandikia programu. Lakini uligusa kitu ambacho Ruphin ndiye anayewajibika nacho, bila yeye kujua. Je, kama programu ingekwama? Angetafuta ugonjwa mahali ambapo haupo, na mgonjwa wa Kasomeno angekosa dawa huku wewe ukigawa chakula.

Mwambie leo, usingoje Ijumaa, na umwambie nyumbani, si mbele ya directeur. Anza na kuomba msamaha, usianze na ushindi. Kisha mpe azime serveur ya majaribio kwa kidole chake, aangalie. Muulize ni magonjwa gani anayajua ambayo programu haiyajui, yapo, usijidanganye. Awe na uwezo wa kuisimamisha, na simu yake ilie pale programu inaposhindwa. Zile kopi za akiba mzifungue pamoja: kopi ambayo haijafunguliwa ni matumaini tu. Halafu Ijumaa mwache yeye aseme wa kwanza.

Mama Marie-Thérèse

Tukiwa tunachapa barua hizi, Wivine ametuma neno: "Alinuna mpaka chakula ikapoa. Kisha akazima serveur, akaangalia ingine inainuka, akazima tena, akaanza kucheka. Ijumaa akamuambia directeur, 'Ile haikuwa mikono yangu, ni kazi ya bibi yangu. Muniache nimusaidie kuifundisha.'"