Injinia Zablon na pampu ya jakuzi

Stara, acha chochote unachofanya.

Yule Zablon, shemeji yake bosi anayejiita injinia, amekuja hapa loji kutengeneza pampu ya jakuzi. Inaunguruma tu, haivuti maji, na maharusi wanafika saa kumi!

Injinia gani! Masaa mawili anaigongagonga pampu kwa spana kama anaamsha mlevi. Nikamwambia labda imeingia hewa. Akanijibu, "Dada Shamila, wewe shughulika na mashuka."

Mashuka, Stara! Mimi, meneja!

Mwisho akavua miwani kama daktari, akatangaza pampu imekufa. IMEKUFA!

Ndipo Emiliana wetu wa usafi, aliyekulia Mlali wakimwagilia vitunguu kwa pampu, akaja na jagi. Akaijaza pampu maji, akainama, akafungua koki ya nyuma iliyokuwa imefungwa. Ikavuta hapo hapo.

Zablon akafoka, "Mjinga gani alifunga hii koki?"

Nikasema, "Hata mimi nashangaa!"

Stara, niliifunga mimi. Juzi, mgao wa maji ulipoanza, nilifunga koki zote, hii nikasahau kuifungua.

Na Emiliana aliniona nikiifunga. Ananitazama tu, mashuka mkononi.

Leo mashuka natandika mimi.