Lifti ya Saa Kumi na Nusu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi na wale watoto wawili ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu. Mwambie yule mkubwa kwamba nimeliona pengo lake la meno na nimecheka peke yangu jikoni. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa yale magoti, ambayo siku hizi anayasema kama wapangaji wawili wakorofi waliohamia kwake bila kualikwa. Anakusalimu sana.

Barua hii ni ndefu, kwa hiyo tafuta mahali ukae. Katika barua yako ya mwisho, kama katika zote ulizoniandikia kwa miaka sita, umemaliza na swali lile lile, chini kabisa baada ya salamu, kama mtu anayeuliza jambo dogo: je, bado inapanda? Nami kila mara nimekujibu kwa neno moja: bado. Leo nataka kukujibu kwa maneno zaidi, na itanibidi nianze mbali, hata kwa yale unayoyajua.

Unaijua hoteli yetu. Ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga, vigae vyeusi na vyeupe, na zile picha za wageni wa zamani ukutani, wamekaa kama waliokatazwa kucheka. Nyumba iliyopita miaka mia haikosi mizuka, na hii ilikuwa nayo kabla hatujazaliwa. Kuna bibi harusi wa kwenye kioo cha ukumbini. Kuna bwana wa chumba namba kumi na moja anayekohoa alfajiri, ingawa sisi wa chumba cha kufulia tunajua kwamba ni bomba la maji ya moto. Baba alikuwa akiwasimulia wageni habari hizo huku akiwapandisha, kwa sauti ya chini, na lifti ikifika ghorofa ya tatu anawafungulia geti na kuwaambia kwamba yeye mwisho wake ni hapo, huko mbele waende wenyewe. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja naye ataongezwa kwenye orodha.

Wakati ule mafundi walikuwa wameshaweka vitufe, na hoteli haikuhitaji tena mwendesha lifti. Walimwacha Baba kwa sababu wageni walipenda kofia yake. Yeye hakuvigusa vitufe hivyo. Aliendesha kwa ule mkono wa shaba wa kuvuta na kusukuma, na ukipanda naye ulikuwa hujui kama umefika mpaka geti lifunguliwe. Na kila siku saa kumi na nusu, Mama akimaliza kupanga mashuka kwenye stoo ya ghorofa ya tatu, Baba alipandisha lifti tupu kwenda kumchukua mkewe, hata kama chini kuna foleni. Meneja wa zamani alilijua hilo na alifumba macho.

Siku ile lifti ilifika lakini geti halikufunguliwa. Mama alingoja kidogo, kisha akalifungua mwenyewe. Alimkuta amekaa kwenye stuli yake, kofia magotini, ameegemea ukuta. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakupata hata muda wa kuumia.

Wewe ulikaa nasi siku nne baada ya mazishi, kisha ukaondoka, kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Mama alirudi kazini na hakutaka kuipanda lifti. Alishuka ghorofa tatu kwa ngazi, mkono kwenye reli, goti moja likilalamika na jingine likiitikia. Siku moja aliteleza, akapasuka juu ya jicho. Baada ya hapo akaanza kuchelewa. Nilipanda kumtafuta nikamkuta amekaa juu ya furushi la mashuka machafu, uso ameuelekeza kwenye geti la lifti. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anapumzika. Nikamwambia abonyeze kitufe lifti ije, twende nyumbani. Akanijibu kwamba hajawahi kuiita lifti ile maishani mwake na hataanza uzeeni. Siku nne mfululizo nilimkuta hapo hapo, na kila siku alikuwa mdogo kidogo kuliko jana.

Sasa nisikilize vizuri. Kule chini tunakofulia, nyuma ya rafu ya sabuni, kuna kisanduku cha chuma ukutani chenye vitufe vinne, kimoja kwa kila ghorofa. Mafundi walikiweka cha kujaribia lifti, kisha wakakisahau. Baba ndiye aliyenionyesha. Siku ya tano, saa kumi na nusu kamili, nilisukuma rafu pembeni nikabonyeza kitufe cha juu. Nilisikia lifti ikianza kupanda, kengele ikalia kule juu, pakawa kimya. Nilisimama pale na povu mikononi mpaka nikasikia geti likifungwa, nikabonyeza kitufe cha chini. Halafu nikaisikia inashuka. Nilipopanda ukumbini nilimkuta Mama anatoka ndani ya lifti, ameshika mkoba wake, na usoni ana kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tuzike.  Mimi sikumwambia ni nani aliyebonyeza.

Kesho yake nikabonyeza tena. Na kesho kutwa.

Haikupita wiki, mhudumu mmoja aliyekuwa akipeleka chai kule juu aliiona lifti tupu ikifika, Mama akifungua geti na kusema ahsante kabla ya kuingia. Mhudumu yule aliishusha trei sakafuni akashuka ngazi mbili mbili. Kufikia jioni hoteli nzima ilikuwa inajua kwamba mzee wa lifti anamfuata mkewe. Waliodhani ni uongo waliambiwa lisemwalo lipo. Binamu yetu, ambaye mdomo wake hauna breki, akakuandikia wewe kabla mimi sijapata kalamu.

Nawe ukaniletea barua ile ambayo bado ninayo. Uliandika kwamba hulali. Uliandika kwamba Baba hajapumzika, na kwamba sababu ni wewe, kwa yale uliyomwambia wiki mbili kabla hajafa. Nilikuwepo, kwa hiyo huna haja ya kunikumbusha. Ulikuja na gari lako jipya, ukasimama katikati ya sebule ukamwambia aache kazi, kwamba unaona haya watu wakijua baba yako kazi yake ni kuwafungulia watu mlango, kwamba amezeeka ndani ya sanduku.  Baba alichukua kofia yake akaenda zamu. Hamkuonana tena. Uliniuliza kama lifti bado inapanda, nami nikakujibu bado, na tangu hapo hujakanyaga huku. Mama amekuita mara tatu. Mara zote tatu kazi ilikubana, na wote watatu tulijua si kazi.

Za mwizi ni arobaini, Kaka, na zangu zilitimia mwezi uliopita. Tumepata meneja mpya, kijana mwerevu, hana ubaya ila anaona kila kitu kama tangazo. Aliniita ofisini akanisomea karatasi iliyoandikwa kwa lugha tamu. Ilisema kwamba hapo zamani mwendesha lifti wa hoteli hii alimpenda mgeni mmoja wa kike, mgeni akaondoka bila kuaga, naye kwa uchungu akajitupa kwenye shimo la lifti, na kwamba hadi leo kila saa kumi na nusu anapanda kumtafuta. Itaandikwa kwenye kibao, kitundikwe kando ya geti, na wageni watakunywa chai yao hapo wakingoja. Alichokihitaji kwetu ni picha ya Baba akiwa na sare. Nilimwambia nitauliza nyumbani.

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, kwamba basi kesho niende nikamwambie meneja kuwa ni mimi.

 Mama akaendelea kujikanda. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu lifti ya Baba ilikuwa ikifika huihisi, na yangu ilifika ikishtuka kama punda aliyekataa mzigo. Tena nilipougua homa nikalala siku nne, lifti nayo iliugua siku nne. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niendelee miaka yote. Akasema kila mtu ana namna yake ya kuomboleza, aliona hiyo ndiyo yangu, na magoti yake hayakuwa na pingamizi. Ile ahsante aliyokuwa akisema mlangoni alikuwa akiniambia mimi.

Halafu akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Aliweka kitambaa kwenye beseni akaniangalia bila kunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nilimshusha meneja mpaka chini, nikasogeza rafu, nikabonyeza mbele ya macho yake. Alicheka. Kisha akafikiri, akasema hakuna kinachobadilika: mimi niendelee kubonyeza, kibao kitundikwe, na siri ibaki kati yetu wawili. Nikamwambia Baba hakumfia mgeni. Alikufa akienda kumchukua mkewe. Meneja akanijibu kwa upole kabisa kwamba hicho si kitu ambacho mtu atasafiri kuja kukiona.

Nilikwenda kwa fundi, yule mzee aliyeitunza lifti pamoja na Baba. Alishuka nami baada ya chakula cha mchana, nikamshikia tochi, akakata nyaya na kukiondoa kisanduku. Ninacho hapa mezani ninapokuandikia. Siku hiyo wageni saba, ambao meneja alikuwa ameshawasimulia, walisimama mbele ya geti la ghorofa ya tatu na kamera zao. Saa kumi na nusu ikafika, ikapita, na lifti haikutikisika. Ndipo Mama akatoka stoo na mkoba wake, akapita katikati yao akiomba njia, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe. Miaka thelathini na tatu pale, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nikalia.

Kibao hakijatundikwa, maana picha tunayo sisi, na wafanyakazi wote sasa wanaujua ukweli. Mimi nimepewa barua: mwisho wa mwezi naondoka, siku moja na Mama anayestaafu. Usinihurumie kwa hilo. Mikono yangu imechoka sabuni.

Kaka, hayo yote bado si jambo lililonikalisha hapa. Pengine umeshajiuliza: kama nilijua kwamba ni mimi ninayebonyeza, na nilijua kwamba hulali, kwa nini nikakuandikia bado, bado, bado. Ningeweza kukuambia mwaka ule ule wa kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uumie. Wewe ulisomeshwa ukaenda, mimi niliachishwa shule nikafua. Wewe uliionea haya kazi iliyokulipia vitabu, kisha ukarudi kwako na gari lako, ukaniachia mimi Mama, ngazi na geti lile. Nilisema moyoni, acha naye awe na kitu cha kubeba. Nilidhani utabeba mwaka mmoja. Miaka ikaenda, na kila mwaka ulioongezeka ulinitia haya zaidi, nikazidi kunyamaza. Mimi ambaye Baba aliniita Chiriku kwa sababu siwezi kufunga mdomo.

Na kuna kingine, kibaya kuliko hicho. Zile wiki mbili za mwisho, Baba hakuwa na kinyongo. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nimepanda naye na kapu la taulo. Aliwaambia wageni, akicheka mpaka kofia ikamkaa upande, kwamba ana kijana wake msomi sana, na kijana huyo amemwambia kwamba amezeeka ndani ya sanduku. Akasema: ni kweli, hajakosea, lakini mwambieni sanduku langu linapanda. Aliwasimulia hivyo kila siku, kila aliyeingia, kwa namna mzazi anavyosimulia maneno ya mtoto anayemjivunia. Asubuhi ya siku aliyokufa aliniambia nikikuandikia nisisahau kukufikishia hilo, ucheke.

Sikukufikishia. Nimekaa nalo miaka sita. Ujumbe haukuwa wangu, ulikuwa wako, nami nimekuibia. Sikuombi unisamehe katika barua, jambo hili ni kubwa kuliko stempu. Naomba uje unigombeze ana kwa ana, maana Mama amekataa kunisaidia.

Jibu la swali lako, basi, ni kwamba haipandi. Haikuwahi kupanda yenyewe. Baba alipumzika siku ile ile, kwenye stuli yake.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi ni siku ya mwisho ya Mama kazini. Ule mkono wa shaba bado upo, na fundi ameutia mafuta. Anasema mtu yeyote mwenye subira anaweza kufundishwa kwa nusu saa. Mama amesema siku hiyo hatabonyeza kitufe. Saa kumi na nusu atakaa juu ya furushi la mashuka pale ghorofa ya tatu na kungoja. Anataka wewe ndiye upande umfungulie mlango.

Msalimu sana wifi, na wabusu watoto. Ukija nao, waambie bibi yao amewawekea nafasi ndani ya lifti.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku